Talaka imeandikwa Wete, watoto wako Leicester: kesi inasikilizwa wapi?

MAMAWAWILI (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi. Habari hii nimekaa nayo zaidi ya mwaka nikiogopa midomo ya watu. Leo naitoa, na mwenye kunijua na anijue.

Mie mzaliwa wa Wete, Pemba, niko Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na moja. Mume niliozwa naye nyumbani, walii yupo, mahari yapo, cheti kipo. Watoto wawili, wa kike miaka tisa na wa kiume minne, wote wamezaliwa huku. Ramadhani ya mwaka juzi mwenzangu alikwenda Pemba peke yake maana tiketi nne hatukuziweza. Sikukuu pili nakoroga uji, simu ikalia: picha ya karatasi ya daftari la skuli, ile ya mistari. "Nimemwacha mke wangu fulani binti fulani talaka moja." Saini yake, na mashahidi wawili, mmoja ami yake. Uji uliungua.

Sikuandika uzi huu kwa ajili ya talaka. Kuachwa si jambo geni kwetu, mama yangu kaachwa mara mbili na yuko hai na anacheka. Kilichonitia hofu kilikuja wiki ya tatu. Simu kutoka kwa mavyaa, mama yake mwenzangu, sauti tamu kabisa: "Mwanangu, watoto wape ruhusa waje likizo, wasome chuo cha Kurani, wajue kwao." Nikasema inshallah, kheri. Mwenzangu akarudi, akakata tiketi zao, akanitumia nizione. Yake kwenda na kurudi. Za watoto kwenda tu.

Nikamuuliza, akasema za kurudi atakata akifika huko ni rahisi zaidi. Huenda ilikuwa kweli, mpaka leo sijui. Ila usiku ule sikulala.

Nilichojifunza baada ya hapo, kwa machozi na kwa fomu nyingi, ni hiki: karatasi ya talaka na kesi ya mtoto ni mambo mawili yanayokaa nyumba mbali mbali. Talaka inaweza kutoka Wete. Mtoto kesi yake iko pale anapoishi, anapoamkia kwenda skuli, daktari wake alipo. Watu wetu wengi wanavichanganya, na wanapovichanganya anayeumia ni yule wa miaka minne.

Nitaendelea nikishawalaza watoto. Mwenye maswali aweke.

MKAANGAMBO

Pole dada, lakini tuseme kweli. Mtoto ni wa baba. Wapemba mkifika Ulaya mnajitia Wazungu, mnakimbilia mahkama ya makafiri. Dini iko wazi.

KARANIMSTAAFU

MkaaNgambo, dini iko wazi kweli, tatizo hujaisoma. Nimekaa kwenye masijala ya mahkama Unguja miaka mingi, kesi za hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, nimeziandika mpaka kidole kimeota sugu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto mdogo haki ya kumlea anaanza nayo mama. Akifika umri wa kutambua mambo, kiasi cha miaka saba, anaulizwa anataka kukaa na nani. Baba nasaba ni yake na matunzo ni juu yake, awe anaishi na mtoto au haishi naye. Mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, haki yake inaondoka, lakini haiendi kwa baba moja kwa moja: bibi mzaa mama yuko mbele. Hilo la mwisho wanaume wengi walikuwa wakilisikia kwa kadhi mara ya kwanza, na nyuso zao ungezipenda.

Sasa kwa mwenye uzi. Karatasi hiyo ilipita kwa kadhi, au imeandikwa barazani tu?

MAMAWAWILI

Barazani, kaka. Nyumbani kwa ami yake, baada ya magharibi.

KARANIMSTAAFU

Basi kisheria ina uzito tofauti na wengi wanavyodhani. Kidini mume akitamka au akiandika kwa nia, talaka imepita. Eda yako ya twahara tatu (vipindi vya usafi baina ya hedhi) imeanza siku ile, na kwa kuwa ni talaka moja alikuwa na nafasi ya kukurejea ndani ya eda bila ya ndoa mpya. Kwa Shafi kurejea ni kwa maneno, si kwa kununiana na kununuliana kanga. Ikapita eda hajarejea, ndoa mpya na mahari mapya.

Lakini talaka inatakiwa isajiliwe. Zamani ilikuwa njia nyengine, siku hizi ndoa, talaka, vizazi na vifo vyote viko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kwa sheria ya 2018. Bila ya cheti, kesho ukitaka kuolewa utazungushwa. Na haki zako za kadhi hazikufa kwa kuwa uko Leicester: matunzo ya eda, kitoka nyumba (kiliwazo cha kuachwa), mahari yaliyobaki kama yapo. Sheria ya Mahkama za Kadhi ni namba 9 ya 2017, ile ya 1985 imeshafutwa. Isome au isomewe.

MAMAWAWILI

Ahsante sana. Naendelea.

Upande wa huku nilidhani nimeshaachika, basi. Nilikwenda kituo kimoja cha ushauri, mama wa Kihindi mwenye miwani mizito akanisikiliza, akasema: "Kwa Uingereza wewe bado ni mke wa mtu." Nikacheka. Hakucheka.

Iko hivi. Hapa sheria ya 1986 ya mambo ya familia inagawa talaka za nje mafungu mawili. Ile iliyopitia utaratibu wa mahkama au chombo rasmi inaweza kutambuliwa, mradi ni halali kule ilikotoka na mmoja wenu ni raia wa kule, au mkaazi wake, au kule ndiko kwao kwa maana ya kisheria. Tena mwenzako awe alipewa taarifa, la sivyo jaji anaweza kuikataa. Ile ya mume na karatasi yake tu ina masharti makali zaidi, na moja ni kwamba asiwepo kati yenu aliyekuwa akiishi Uingereza mwaka mzima kabla ya talaka. Mie nilikuwepo hapa miaka mingi. Kwa hiyo karatasi ya Wete kwa jaji wa Leicester ni karatasi ya daftari. Na angeitamka hapa hapa, sebuleni au msikitini, isingekuwa kitu kabisa: ndani ya Uingereza ndoa inavunjwa na mahkama tu.

Mwanzo nilikasirika. Baadaye nikaona ni rehema. Kwa kuwa bado ni mke kisheria, nilifungua talaka yangu mwenyewe kwa intaneti. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 hapa hakuna tena kutafutana makosa, huandiki kwamba alikupiga au alizini. Unasema ndoa imekufa, inatosha. Unasubiri wiki 20 kutoka kufungua mpaka amri ya kwanza, halafu wiki 6 nyengine uombe ya mwisho. Mambo ya nyumba na fedha yanakwenda humo humo. Na hata mtu ambaye talaka yake ya nje imetambuliwa, kuna sheria ya 1984 inayomruhusu kuomba ruhusa ya kudai fedha huku. Wanawake wengi wa kwetu hawalijui hili, wanatoka na sanduku moja.

SHOGAYAKO_CHAKE

Mie niko kwa viza ya mume, mwaka wa tatu. Hapo inakuwaje? Nikiachwa narudishwa?

MAMAWAWILI

Shoga, hapo usifanye jambo kwa kusikia kwangu wala kwa uzi huu. Mtafute mwanasheria wa uhamiaji kwanza, kabla ya talaka kufika popote, kwa sababu viza ya mume inasimama juu ya ndoa. Ninavyoelewa kuna milango miwili: kama ndoa imevunjika kwa kupigwa au kudhalilishwa unaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa sababu hiyo, na kama una mtoto raia wa Uingereza kuna njia ya mzazi. Lakini ukinyamaza mpaka mume aandike barua yeye mwanzo, unaanza ukiwa chini.

BIMASKATI

Mie niliyapata Maskati, nisome kwa makini wale mnaoolewa Uarabuni mkidhani lugha ya msahafu ni moja basi na sheria ni moja.

Oman mambo ya familia yako kwenye amri ya Sultani namba 32 ya 1997. Mtoto wa kiume hadhana ni mpaka miaka saba, wa kike mpaka abaleghe, isipokuwa kadhi aone maslahi ya mtoto yako kwengine. Hapo sikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuja nilipotaka kurudi Unguja na binti yangu. Mtoto hatoki nchini bila ya idhini ya walii wake, na walii ni baba. Mimi ukaazi wangu ulikuwa kwa dhamana yake, umekwisha pamoja na ndoa. Mtoto raia wa Oman, mama mgeni asiye na karatasi. Nilikaa miezi mitano kwa ndugu yangu, kitanda sebuleni, nikisubiri mtu mmoja aseme "haya, nenda naye". Mwisho alisema, kwa sharti kila skuli zikifungwa arudi kwake. Nimeandika, na natimiza. Binti ana miaka kumi sasa, Kiarabu chake kizuri kuliko changu.

Ninachowaambia: kabla hujapanda ndege kwenda kuolewa uliza ukaazi wako uko chini ya nani. Hilo mtu haulizi, anauliza dhahabu.

WAKILI_WA_BARA

Nawasalimu kutoka Dar. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971 lazima kwanza mpite baraza la usuluhishi la ndoa, na mtoto chini ya miaka saba inachukuliwa kuwa ni vyema akae na mama. Dada aanzie hapo.

KARANIMSTAAFU

Kaka, umekosea boti. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Huku Waislamu mambo yao ya ndoa ni kwa kadhi, wasiokuwa Waislamu ni mahkama za kawaida. Kwa mtoto tuna Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya 2011, inayoweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Kila mwezi alikuwa akija mtu na nakala ya sheria ya Bara kaikunja mfukoni, tunamrudisha na chai.

NGALAWA_JAMBIANI

Na wageni wanaoishi huku kwetu je? Nauliza kwa sababu hotelini tulipo, mume Mtaliana na mke Mjerumani wametengana, mtoto anasoma hapa hapa Paje, anazungumza Kimakunduchi kunishinda. Kila mmoja anasema atafungua kesi kwao.

KARANIMSTAAFU

Ndoa yao wanaweza kuivunja kwao ikiwa sheria ya kwao inawaruhusu, hilo liko juu yao. Mtoto ndiye mwenye mzani. Hata sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Agosti 2022 msingi wake ni mtoto anaishi wapi, si pasi yake rangi gani. Akiwa maisha yake yako Paje, mahkama za hapa hazikwepeki: kwa hao mahkama za kawaida, si kadhi. Anayetaka kumhamisha na apate idhini ya mwenzake kwa maandishi, au ya mahkama, kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Ni shauri lile lile la mwenye uzi, limegeuzwa tu kichwa chini.

MAMAWAWILI

Narudi kwenye zile tiketi.

Yule mama wa miwani alinieleza jambo ambalo kila Mzanzibari aliye nje angelijua kama anavyojua kibla. Kuna Mkataba wa The Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980. Nchi zilizomo, mtoto akichukuliwa kutoka moja kwenda nyengine bila ya idhini, au akizuiwa asirudi, nchi ile inatakiwa imrudishe haraka alikokuwa akiishi, na ugomvi wa nani amlee usikilizwe huko. Uingereza imo. Tanzania haimo. Oman haimo, Kenya haimo.

Maana yake watoto wangu wakishabakizwa Wete, hakuna chombo cha kuwarudisha. Jaji wa huku anaweza kuandika amri kwa wino wa dhahabu, lakini Pemba haijitekelezi. Ningelazimika kupanda ndege, nitafute wakili, nianze kesi mwanzo kule, kwenye mji wa wakwe, huku mdogo anaulizwa na kila anayepita "wampenda baba au mama?" Na miezi ikipita, mahkama yoyote itaniambia watoto wameshazoea.

Sikumwambia kitu mwenzangu. Nilificha pasi za watoto kwenye mfuko wa mchele. Msicheke. Halafu nikaomba amri ya kumzuia kuwatoa nchini mpaka tusikilizwe. Nilipewa ndani ya siku chache. Polisi pia, wakiona hatari ni ya kweli na iko mlangoni, wanaweza kupeleka majina ya watoto viwanja vya ndege na bandarini, lakini kwangu haikufika huko.

Wakili wa kulipiwa na serikali sikupata. Tangu Aprili 2013 kesi za familia wanapewa wachache tu, zaidi wale wenye ushahidi wa kupigwa. Nilijisimamia mwenyewe. Kabla ya kesi yenyewe kuna kikao cha kwenda kuelezwa usuluhishi. Ukiwa na dharura kama yangu unasamehewa. Halafu akaja afisa wa ustawi wa watoto wa mahkama, akakaa na binti yangu saa nzima na kalamu za rangi.

MKAANGAMBO

Na baba yao ulimfanya mwizi wa watoto wake mwenyewe. Hukuona haya?

MAMAWAWILI

Niliona haya sana. Nataka niwe mkweli hapa. Siku ya kwanza mahkamani alikaa mbali, suti ile aliyovaa kwenye harusi ya ndugu yangu, na alipoulizwa kwa nini tiketi za watoto hazina marejeo akainamisha kichwa. Akasema, kwa Kiingereza cha kukatika, kwamba mama yake mgonjwa na anataka wajukuu. Nilimwamini. Ndiyo maana nilitaka amri, kwa sababu mtu mwema mwenye mama mgonjwa ndiye anayebakiza watoto "wiki mbili tu nyengine". Mbaya ungemjua tangu mwanzo.

BABAWATORONTO

Mimi nazungumza upande wa pili. Baba, niko Canada. Sisi tulitengana, mwenzangu akataka kuhamia Unguja na watoto. Huku tangu tarehe 1 Machi 2021 wameyafuta hata maneno ya zamani ya nani kamshinda nani mtoto. Kuna muda wa malezi na kuna mamlaka ya kuamua. Anayetaka kuhama na watoto, kama kuna amri ya malezi, anatoa taarifa ya maandishi siku 60 kabla, na mwenzake ana siku 30 za kupinga. Nilipinga siku ya 28, maana siku 27 za mwanzo nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta.

Hakuhama. Leo anaishi mitaa miwili kutoka kwangu na hatuzungumzi. Nimeshinda na sijui nimeshinda nini. Ila watoto naonana nao kila Ijumaa.

SHOGAYAKO_CHAKE

Na mwanamke aliyepata talaka ya mahkama ya huko, lakini mume kidini hajaandika, anamwambia "wewe bado wangu mpaka kiyama"?

KARANIMSTAAFU

Huyo kisheria huko yuko huru, kidini bado kafungwa, na kwetu hataozwa na kadhi. Ana njia mbili. Kununua talaka, yaani khului, anarudisha mahari au wanachokubaliana na mume anamwachia. Au fasikhi: anakwenda kwa kadhi na sababu, kama mume kamtelekeza au hatoi matunzo, na kadhi anaivunja ndoa yeye mwenyewe. Hukumu ya Ulaya aje nayo, haivunji ndoa kwa kadhi lakini inasaidia kuonyesha hali. Asiye na uwezo asikae nyumbani: Unguja na Pemba kuna Kituo cha Huduma za Sheria, kuna jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, na kwenye shehia kuna wasaidizi wa sheria. Sheha anawajua.

Nyongeza kwa aliye nje: cheti cha ndoa na vya watoto weka nakala kwa mtu unayemwamini, si kwa wakwe. Nimeona wanawake wakibisha hodi mlango walikofukuzwa kuomba karatasi yao.

MAMAWAWILI

Nimalizie, maana nimewaweka muda mrefu.

Amri ilitoka: watoto wanaishi nami, kwa baba yao kila wiki ya pili na nusu ya likizo. Kwa amri hii mimi naweza kuwatoa nchini mpaka siku 28 bila ya kumwomba ruhusa, ingawa naomba. Yeye akitaka kuwatoa lazima nikubali au jaji akubali.

Akaomba kuwapeleka Pemba. Nilitaka kukataa. Jaji hakumnyima hivi hivi, wala hakumpa hivi hivi. Kwa nchi isiyokuwemo kwenye ule mkataba wanapima: uwezekano wa kutorudishwa ni wa kiasi gani, wakibakizwa madhara yake kiasi gani, na kuna dhamana ya nini. Binti yangu alikuwa amemwambia afisa anataka kumuona bibi yake na anataka kurudi kabla skuli haijafunguliwa kwa sababu ya mashindano ya kuogelea. Hilo nadhani ndilo lililotuamua sote. Mwenzangu akaweka fedha kwa wakili wake, zitakuwa zangu za kuendeshea kesi kama hawarudi. Tiketi za kwenda na kurudi nizione. Na akaapa kwa msahafu, pale pale, kwamba atawarudisha. Sikujua mahkama za Kiingereza zinakubali kiapo hicho kama dhamana, zinakubali. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka na mimi nikageuza uso.

Wameondoka wiki iliyopita. Mavyaa, yule yule, kanitumia picha asubuhi: mwanangu mdogo kakaa kwenye jamvi uani, mikono imekuwa myeusi, anachambua karafuu na watoto wa jirani, na nyuma yake dada yake kajifunga kanga ya bibi. Chini ameandika, "Wanakula vizuri. Huyu mdogo hataki samaki mwenye kichwa."

Nimemjibu amkatie kichwa.

Ndege yao ya kurudi ni tarehe 19 Agosti. Nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji.